Kabla hujaandika kwamba nebula ina tundu

Wadogo zangu mnaoanza na data za ALMA, ile safu ya antena za redio kule Chile, hapa Dodoma, juzi nimeoneshwa tena picha ya nebula ya sayari (gesi iliyotupwa na nyota inayokufa) yenye tundu jeusi katikati, na mwenye nayo ameshafika aya ya tatu akielezea upepo wa nyota. Jamani.

1. Pakua data usiku kwa bando la usiku, na laptopu iwe imejaa chaji kabla umeme haujafanya mambo yake.

2. Fluksi jumla, yaani nguvu yote ya mawimbi inayotufikia kutoka kwenye nebula, kwanza; umbo baadaye. Mimi hapa ndipo nilipoumia. Nilichukua data za monoksidi ya kaboni, gigahezi 230.5, antena za mita 12 peke yake. Likatoka ganda safi, kingo zinang'aa, katikati patupu. Nikapima unene wa ganda, nikakokotoa umri wake kutokana na kasi ya kutanuka, nikaandika sura nzima ya tasnifu. Kuzunguka ganda palikuwa na eneo lenye thamani hasi, dalili kwamba kuna fluksi inakosekana. Nililiona kabisa! Nikabana mizani ya rangi ianzie sifuri, likapotea, nikalala vizuri. Siku ya semina dada mmoja wa mwaka wa nyuma yangu akauliza, kwa upole tu: "Kaka, antena moja inayopima peke yake inasema fluksi ni kiasi gani?" Sikuwa hata nimeangalia. Ukiwa na umbali mfupi kabisa wa mita 15 kati ya antena, kwenye wimbi la milimita 1.3, kitu laini chenye upana angani unaozidi kama sekunde 11 za tao kinakupita bila kukusalimia. Ganda langu lilikuwa pana mara kadhaa ya hapo. Nilipolinganisha, zaidi ya nusu ya fluksi haikuwemo; kumbe tundu lilikuwa la data, si la nebula. Msimamizi alisoma ile sura, akapiga mstari mmoja mrefu wa kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini, hakuandika neno. Zile antena za mita 7, na nne za kupima nguvu jumla, hazikuwekwa kule Chile kama mapambo. Ziunganisheni.

3. NGC 7027, nayo nebula ya sayari, inang'aa sana kwenye redio, ndiyo, ila si nukta, na fluksi yake hubadilika polepole kadiri inavyotanuka. Msiitumie kukalibreti, yaani kama kipimo cha kurekebishia data zenu, kwa mazoea.

4. Fluksi ikipanda kuelekea masafa ya juu, msikimbilie kusema vumbi. La Dodoma linatutosha. Gesi yenye ayoni ikiwa bado haipenyeki na mawimbi hayo, fluksi hupanda kwa mraba wa masafa. Ikishapenyeka, fluksi hushuka kidogo tu, kipeo cha −0.1. Choreni spektra nzima, kuanzia mawimbi ya sentimita.

5. Mstari mwembamba wa monoksidi ya kaboni kwenye spektra, karibu na bapa la Galaksi yetu, mara nyingi ni wingu la njiani, si nebula yenyewe. Kijana mmoja aliniletea ramani ya antena moja, "ganda" lina kasi ileile kila kona. Nikamuuliza, nebula yako inaishia wapi? Akasogeza ramani kushoto, akasogeza kulia, akafunga laptopu, akaniambia twende tukanywe chai.