Siku ya kwanza ya mtoto kwa mwanasaikolojia, ilivyokuwa kwangu

Dada uliyeuliza, shule imekwambia umpeleke mwanao wa miaka mitano kwa mwanasaikolojia na tangu hapo usingizi huna, pole ila tulia. Wa kwangu nilimpeleka mwaka juzi ana umri huohuo, mwalimu analalamika hatulii darasani na akiitwa haitiki.

Kwanza ujue siku hiyo anayehojiwa sana ni wewe. Tulikaa kama masaa mawili na karibu saa nzima ni maswali kwangu tu, mimba ilikuwaje, alipozaliwa alilia palepale, alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza lini, kwenye ukoo kuna aliyechelewa kuongea. Nikabaki najiumauma, mtoto wa tatu huyo nani anakumbuka tarehe? Kadi la kliniki ndo liliniokoa. Libebe, na madaftari ya shule, na kama kuna kitu anafanya nyumbani kinakutia wasiwasi mrekodi kwa simu, maana akifika kule atakaa kama malaika halafu wewe uonekane mzushi.

Mtoto yeye ni kucheza tu, vibao, picha, kuchorachora. Hamna sindano, mwambie kabisa mapema, wangu alivyoona jengo la hospitali aligoma kushuka kwenye bajaji mpaka nikamwapia. Na ale ashibe kwanza.

Sasa makosa yangu. Alipewa penseli anakili maumbo, duara kachora, msalaba kachora, pembetatu ikamgomea, anafuta anaanza upya, mi roho inaniuma nikaanza kumnong'oneza "weka kona baba, kona". Yule dada mwanasaikolojia akaniangalia, akasema mama naomba usogeze kiti kule ukutani. Aibu niliyoipata! Baadaye akanielewesha kwamba duara watoto wengi wanaliweza kwenye miaka 3, msalaba 4, pembetatu 5 hivi, lakini yeye haangalii kupata na kukosa tu, anaangalia anavyoshika penseli, akikwama anaomba msaada au anatupa, sasa mimi nikidakia hapo atapima nini?

Kingine waambie lugha ya nyumbani. Wangu anasoma inglishi midiamu, aliulizwa rangi kwa Kiingereza akanyamaza kimya, ilivyorudiwa kwa Kiswahili akazitaja zote anacheka.

Jibu usilitegemee siku hiyohiyo. Sisi tulipewa fomu mwalimu akaijaze, na kabla ya chochote tukaambiwa twende tukapime masikio. Mi nikaona wanatuzungusha, masikio na utundu wapi na wapi. Kumbe yote mawili yalikuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na nyumbani kila siku tunamfokea "we husikii?" Ikabidi atibiwe masikio kwanza. Kuitika siku hizi anaitika vizuri, huko kutulia darasani ndo bado, tumesharudi mara mbili na miadi nyingine ipo mwezi ujao.