Ruzuku ya pampu ya joto: boila usiiguse kwanza

Ndugu, umeuliza kama ung'oe boila ya gesi (chombo kinachochemsha maji ya kupashia nyumba joto) sasa, uweke pampu ya joto, halafu ruzuku ya serikali uidai baadaye. Tafadhali usifanye hivyo. Mipango mingi ya aina hii hutaka maombi yaidhinishwe kabla kazi haijaanza, na fundi awe amesajiliwa. Ukitangulia kung'oa, unaweza kukosa hata senti.

Anza na nyumba yenyewe. Pampu ya joto haichomi kitu; huvuta joto la hewa ya nje au la ardhini na kulileta ndani, ndiyo maana uniti 1 ya umeme huweza kukupa takriban uniti 3 za joto. Ila hufanya kazi vizuri zaidi maji ya kwenye mabomba yakiwa na nyuzi 35 hadi 45 hivi, ilhali boila nyingi hupeleka maji ya nyuzi 60 au zaidi. Nyumba inayovuja joto darini na madirishani haitatosheka na maji hayo ya nyuzi 35 hadi 45. Utalazimika kuyapandisha moto, na bili ya umeme itapanda nayo. Kwa hiyo ulizia kwanza ruzuku ya kuwekea dari na kuta vizuizi ili joto lisitoke nje. Watu huiruka kwa kuukimbilia mtambo, nami naona ndiyo yenye faida kubwa.

Uliza pia kama fedha hulipwa fundi moja kwa moja au wewe unalipa kisha unarudishiwa. Kwa asiye na akiba, tofauti hiyo ni kubwa mno. Na kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba mapema, maana kibali chake kitahitajika.