Kipima Gesi Kikisoma Sifuri, Usifunge Daftari

Ukiingia na kipima gesi katika chumba alichofia mtu, kioo kikaandika sifuri, usiseme hakukuwa na sumu. Ndugu zangu maafisa afya na wapelelezi mnaoanza kazi huku Nyanda za Juu Kusini, hili ndilo ninalolirudia kila tukikutana.

Chukua tukio la jiko la mkaa. Juni na Julai, baridi ya Makete au Mufindi ikishika, mtu analala na jiko ndani, milango imezibwa na matambara. Asubuhi majirani wanavunja mlango, wanafungua madirisha, wanatoa jiko uani, na mara nyingi kuna mtu mwenye huruma ameshamwagia makaa maji. Wewe unafika saa nne na mashine yako. Itasoma nini? Inapima hewa ya dakika ile, hewa ya usiku imeshakwenda zake.

Ushahidi umebaki kwenye damu. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, hushikana na himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu akishafariki haiondoki kirahisi. Kwa hiyo ongea mapema na daktari anayechunguza mwili, achukue damu, na sampuli iende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Wewe kazi yako pale nyumbani ni maswali: nani alifungua mlango wa kwanza, saa ngapi, jiko lilikuwa upande gani, dirisha lilikuwaje. Mwenyekiti wa kitongoji huwa anajua zaidi ya anavyosema mbele ya watu, mvute pembeni.

Ukibahatika kukuta mlango bado umefungwa na hakuna wa kuokolewa ndani, pitisha mrija wa pampu chini ya mlango kabla ya kuufungua. Andika namba iliyosomwa, saa, kimo ulichopimia, namba ya mashine na tarehe iliposawazishwa, yaani iliporekebishwa isome sawasawa, mara ya mwisho. Wakili wa utetezi ataanzia hapo kwenye tarehe, hana haja na kemia yako. Na kioo kikionyesha kaboni monoksaidi sehemu 1,200 kwa milioni ya hewa, hicho ni kiwango cha kuhatarisha maisha mara moja. Mimi sisubiri kifike huko, kikilia tu niko nje.

Milima yetu nayo ina mambo yake. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9, na mashine nyingi hulia ikishuka hadi 19.5. Ukipanda kutoka Usangu hadi Kitulo, zaidi ya mita 2,600, baadhi ya vihisi vya oksijeni vilivyo ndani ya mashine huona mgandamizo mdogo wa hewa na kudhani oksijeni imepungua. Washa mashine nje, mahali pale pale pa tukio, iache itulie, ndipo uisawazishe. Nje maana yake mbali na gari. Nimewahi kumwona kijana akiisawazisha mashine akiwa amesimama nyuma ya gari linalonguruma, moshi unampiga magotini. Mashine ile ilishafundishwa kwamba moshi ndiyo hewa safi.

Kwa mkoa unaolima mahindi kama wetu, kuna gesi nyingine ya kuogopa: fosfini, itokayo kwenye vidonge vya kufukizia ghala vikikutana na unyevu. Familia inalala chumba kilichopakana na magunia, gesi inapenya. Sasa, kile kisanduku cha gesi nne mlichonacho wengi wenu kimetengenezwa kwa oksijeni, gesi za kulipuka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Kwa fosfini unahitaji kihisi chake. Tafuta kopo la vidonge na unga wa kijivu uliobaki, usiushike kwa mkono mtupu, usiulowanishe, na mpigie mkemia akuelekeze namna ya kuufungasha. Kwenye kabini ya gari usiuingize.

Maduara ya Chunya, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, sitayasemea sana: shusha kipimo kwa kamba kabla ya mtu, hasa kama kulikuwa na pampu ya petroli chini, kisha kivute juu usome kiwango cha juu kabisa kilichohifadhiwa na mashine.

Ukikuta unga usiojulikana, mashine za leza za kuutambua ni nzuri unga ukiwa ndani ya nailoni angavu. Chupa ya kahawia au sumu iliyochanganywa na ugali huzipiga chenga, na unga mweusi unaweza hata kushika moto. Vyovyote iwavyo, kwenye taarifa andika "kipimo cha awali kimeashiria". Jina la sumu atalitaja mkemia.

Halafu acheni kuweka kipima gesi mfuko mmoja na kitakasa mikono. Mvuke wa spiriti hukichanganya kihisi cha kaboni monoksaidi, na utatoka ofisini mashine inalia kabla hujafika popote.