Muulize Mama Mtendaji: Mombo ni kijiji au mji?

SWALI: Shikamoo Mama Mtendaji. Nimeolewa Mombo nikitokea kijijini kwetu Lushoto. Kule nilizoea mkutano mkuu wa kijiji, tunasomewa mapato na matumizi, tunahoji. Hapa nikiulizia mwenyekiti wa kijiji naambiwa hayupo, huu ni mji mdogo. Mji gani, nami nikifungua mlango wa nyuma naona mpunga? Tena tunataka kununua kiwanja karibu na reli, na mwenyekiti wa kitongoji anasema ardhi anagawa yeye, tumpe asilimia 10 ya bei. Ni haki?
Msomaji, Mombo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo asilimia 10 msitoe. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti wa kitongoji fungu katika bei ya kiwanja, wala hana mamlaka ya kugawa ardhi. Anachoweza kusema ni kwamba anamfahamu muuzaji na majirani zake, basi.

Kijijini kwenu ardhi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unaridhia. Hapo Mombo hakuna halmashauri ya kijiji, kwa hiyo mlango wenu ni idara ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe. Waulizeni kama eneo limepimwa na limepangiwa matumizi gani. Siku ya kuuziana, majirani wanaopakana nanyi wawepo, kila mmoja aoneshe mpaka wake kwa mguu wake, na mkataba ushuhudiwe na wakili. Jina lako liandikwe pamoja na la mumeo. Hilo nalisisitiza, kwa sababu katika miaka yangu ya utendaji nimewaona wajane wengi mno wakitolewa kwenye nyumba walizozijenga kwa jasho lao. Na kwa kuwa mmesema karibu na reli, kabla ya kutoa hata shilingi nendeni stesheni mkaulize hifadhi ya reli, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya reli, inaishia wapi.

Sasa huo mji. Tazama Mombo ilipokaa: milima ya Usambara inakomea hapo, tambarare ya Mkomazi inaanzia hapo. Barabara ya Lushoto inateremka kupitia Soni na kuangukia kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Moshi. Zamani za misafara soko kubwa la upande huu lilikuwa Mazinde, jirani yenu. Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, aliuacha mlima akakaa huko chini kwa sababu biashara ilipita chini. Kisha Wajerumani wakaleta reli kutoka Tanga: ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi ilikuja kufikiwa 1911. Kwa miaka kadhaa mzigo wote wa mlimani ulishukia Mombo. Na hata leo, simama njia panda asubuhi uone Fuso za Lushoto zinavyoshuka na kabichi na karoti, matenga ya nyanya yamefungwa kamba juu kabisa, na akina mama wameshazizunguka kabla dereva hajazima injini. Watu wanaoishi kwa stendi, soko na nyumba za wageni wanahitaji dampo, mitaro na mpango wa viwanja. Huo mpunga wa skimu ya umwagiliaji haufuti hayo.

Ndiyo maana ikawekwa mamlaka ya mji mdogo, ambayo msingi wake ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982. Usiichanganye na Halmashauri ya Mji wa Korogwe. Ile inajitegemea, ya kwenu iko chini ya halmashauri ya wilaya. Baraza la mji mdogo linaundwa hasa na wenyeviti wa vitongoji, na kazi za kila siku ziko kwa mtendaji wa mji mdogo. Diwani wenu anakaa kwenye baraza la wilaya.

Hapo ndipo penye uzito, mwanangu. Huyo mwenyekiti wa kitongoji mnayemwona mdogo ndiye anayepiga kura kwenye baraza kuhusu soko lenu na taka zenu. Mlimchagua Novemba 2024, au waliokutangulia walimchagua. Mwambieni aitishe mkutano wa kitongoji. Akisita, mwandikieni mtendaji wa mji mdogo barua, nakala kwa diwani, na bakini na nakala yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwenye mkutano huo ulizeni ushuru wa soko umekusanywa kiasi gani na umefanya nini. Suala la asilimia 10 nalo lisemeni hapohapo mbele ya watu, maana bila shaka si ninyi peke yenu mlioombwa.