Jino la mtoto linaoza: ni mdudu kweli?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Newala. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi kumi. Meno yake ya mbele ya juu yameingia ukahawia karibu na ufizi, ila ya chini ni meupe kabisa. Bibi yake anasema ni mdudu wa meno, tena tusihangaike kwa kuwa ni meno ya utoto, yatang'oka. Usiku hulala na chupa ya uji mwepesi wa sukari. Je, tusubiri?

JIBU: Marahaba, mama. Msisubiri.

Mdudu yupo, ila si huyo anayemdhania bibi. Ni bakteria, haonekani bila hadubini. Anayetajwa zaidi ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa na J. Kilian Clarke mwaka 1924. Mtoto hazaliwi naye; mara nyingi humpata kwenye mate yetu walezi, kama tunapoonja uji kisha tukamlisha kwa kijiko kile kile. Usijilaumu kwa hilo, maana karibu sote tunao. Bila sukari hawana nguvu. Wakiipata, huigeuza kuwa ukoga unaonata na tindikali inayochomoa madini kwenye ganda la jino. Mate huisafisha tindikali hiyo taratibu, nusu saa au zaidi, ndiyo maana chai tamu ya mara moja ina nafuu kuliko chupa inayonyonywa kidogo kidogo kutwa.

Sasa rudi kwenye chupa ya usiku. Mtoto akilala mate hupungua sana, na uji hutuama kwenye meno ya juu. Ya chini hufunikwa na ulimi, na tezi za mate ziko jirani. Uliposema ya chini ni meupe, nilijua ni chupa.

Kesho asubuhi keti penye mwanga, mlaze kichwa mapajani mwako, inua mdomo wa juu kwa kidole, futa meno kwa kitambaa safi. Ukiona mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi, hapo madini yameanza kutoka, na bado yanaweza kurudi. Penye ukahawia na kishimo panahitaji mikono yetu.

Bibi ana haki kwamba yatang'oka, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, na kwa umri wa binti yako mengine ndiyo kwanza yanaota. Bakteria wale wale watahamia huko.

Chupa ya kulalia iwe na maji tu. Atalia siku chache. Vumilia, naomba sana. Uji wa mchana uunge kwa tui la nazi au korosho zilizosagwa laini, bila sukari. Mpigie mswaki wewe mwenyewe asubuhi na usiku, kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele. Ule wa usiku usiukose, na baada yake asile kitu.

Kisha mpeleke hospitali ya wilaya, kitengo cha kinywa na meno. Usiogope kwamba lazima wang'oe: yapo ya kupakwa floraidi, yapo ya kuzibwa, na ipo dawa ya madini ya fedha inayosimamisha uozo ingawa huacha weusi. Ukiona kijipu ufizini, au shavu limevimba na mwili una homa, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.