Klachi mpya, oili chini: usikimbilie kushusha giaboksi

Nyinyi mnaoanza gereji, gari ulilolibadilishia klachi jana likirudi leo linadondosha oili, tulia kwanza. Mimi sikutulia. Ilikuwa Hiace ya abiria, hapa Ndeeba, Kampala, dereva amenisimamia akilalamikia safari za Masaka zinazompita. Nikashusha giaboksi, nikaweka sili mpya ya mbele, ule mpira wa duara unaozuia oili isivuje, nikapandisha. Jioni likadondosha vilevile.

Anza na pua. Oili ya giaboksi ni nzito na inanuka kiberiti. Ya injini haina harufu hiyo. Ukiikuta pale injini inapoungana na giaboksi, shuku sili ya nyuma ya krenki, ule mhimili wa injini unaozunguka, ambayo ungeibadilisha klachi ikiwa nje. Majimaji mepesi yanayobabua rangi ni ya breki, na klachi nayo huyatumia: angalia silinda ya chini ya klachi.

Yangu ilinuka kiberiti, tena ililowesha ganda la klachi huko mbele ya giaboksi, ndiyo maana nikajiona najua. Kumbe dereva hulaza gari mteremkoni, pua chini, oili ikatambaa kutoka nyuma hadi mbele. Ningeosha giaboksi kwa petroli, nikaikausha, nikapaka poda ya mtoto na kuendesha dakika kumi, ningeona njia yake. Nilipofanya hivyo hatimaye, mstari ulianzia kwenye sili ya mkiani, inapoingia propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Nilipobadilisha klachi niliirudisha propela kavu, mdomo wa sili ukachanika kipande kidogo kama ukucha.

Ukienda Kisekka, soko la vipuri, beba sili kuukuu. Usoni ina namba: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Paka mdomo oili, hakikisha springi yake ndogo haijaruka, kisha igonge kwa bomba linaloenea mzingo wote. Bisibisi iache mfukoni. Pitisha ukucha pale propela inaposugua: ukikwama kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja. Magari yanayovuta kwa mbele, sili hizo ziko ubavuni, pale zinapoingia shafti za magurudumu.

Kujaza: fungua tundu la kujazia kabla ya la kumwagia, maana la juu likigoma baada ya kumwaga umekwama na gari kavu. Gari likae sawa, jaza mpaka oili ichungulie tundu. Ukizidisha, itatokea kwenye kipumulio, kile kitundu cha hewa cha giaboksi, nawe utadhani ni sili tena.

Dereva alilipia kazi moja. Sili zote mbili zilitoka mfukoni mwangu.