Ovataimu ya Januari na maombi ya kufilisika Marekani

Pole na madeni, ndugu. Umeuliza kama ovataimu uliyopiga Januari itakunyima Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ile ya kufutiwa madeni bila mpango wa kulipa. Si lazima. Mahakama ya ufilisi haiangalii mshahara wa leo: wanajumlisha mapato ghafi, kabla ya makato, ya miezi 6 kamili iliyotangulia mwezi wa kuwasilisha maombi, kisha wanazidisha kwa 2. Ukiwasilisha Julai, inahesabiwa Januari hadi Juni. Ukisubiri Agosti, Januari inatoka. Toa hati zako za mshahara, upige hesabu zote mbili. Ila kama mshahara umeshaanza kukatwa kwa amri ya mahakama, kusubiri nako kunagharimu.

Jumla hiyo hulinganishwa na kiwango cha kati cha mapato cha jimbo lako, kwa kaya ya ukubwa wenu. Mapato ya mkeo mnayeishi naye yanaingia hata asipofilisika yeye. Pensheni ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani) haiingii. Ukizidi, bado kuna fomu 122A-2 ya kutoa kwenye mapato hayo kodi, bima, mkopo wa gari. Hiyo usijaze bila wakili. Ikishindikana, Sura ya 13: unalipa kwa mpango miaka 3 hadi 5.

Na usikimbilie kumlipa kaka yako kwanza. Malipo ya deni kwa ndugu ndani ya mwaka 1 kabla ya maombi, msimamizi wa ufilisi anaweza kumdai kaka ayarudishe.